Klachi ya Arnobio Quiceno

Miaka tisa mizima Arnobio Quiceno aliendesha gari linalolia, na miaka tisa mizima sisi watu wa San Tarcisio tulijua kwa nini linalia. Asiyejua alikuwa yeye peke yake. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili asitokee mtu baadaye akanishutumu kwamba nilificha. Tulijua sote. Padri alijua, kinyozi alijua, na mama anayekaanga empanada pale uwanjani ndiye aliyekuwa akiwasimulia wageni.

Gari lenyewe lilikuwa jeep kuukuu lisilo na milango, turubai limejaa viraka, nasi tulilipa jina la Mjane. Arnobio alilitumia kupandisha watu kutoka uwanjani hadi La Sonora, juu kabisa kunakolimwa kahawa, na kuwateremsha tena. Kumi ndani, wanne wananing'inia nyuma, magunia juu, kuku chini ya miguu. Kila alipokanyaga klachi, Mjane alipiga yowe jembamba la kutia ganzi meno, likavuka bonde na kugonga mlima wa pili. Watu wa mashambani hawakuhitaji saa. Wakisikia yowe walifunga gunia, wakamwosha mtoto uso, wakashuka barabarani.

"Huyo Arnobio," walisema. "Bado kona tatu."

Haya, sasa sikiliza. Nyumba ya Arnobio ilikuwa njiani, chini ya Kona ya Msalaba. Humo aliishi na mkewe, Rosmira, na siku za Jumanne na Ijumaa humo alikuwemo pia don Ubiel Henao, fundi wa magari. Don Ubiel ndiye aliyewasimamia kanisani siku ya ndoa yao, ndiyo maana yeye na Arnobio waliitana compadre, na kwetu compadre unamheshimu kuliko ndugu wa tumbo moja. Jumanne na Ijumaa ndizo siku ambazo Arnobio hupanda mpaka La Sonora. Akianza kuteremka, yowe lilisikika kuanzia Kona ya Msalaba, na kutoka hapo mpaka mlangoni pake, kwa ile barabara ya kuzungukazunguka, ni dakika saba. Dakika saba zinamtosha mtu kuvaa suruali, kufunga buti, kumalizia kahawa iliyobaki kikombeni na kutokea mlango wa nyuma kupitia migombani.

Na fundi wa klachi ya Mjane alikuwa nani? Don Ubiel huyohuyo.

Kila mwaka, kabla ya Wiki Takatifu, Arnobio alilipeleka gari gereji, nasi tulikwenda kutazama. Hakuna sinema iliyotufurahisha kama ile. Ubiel, jamaa mrefu mwenye sharubu za kuchana, alichukua ufagio, akaweka ncha moja ya mpini kwenye giaboksi na ncha nyingine sikioni, akafumba macho kama daktari.

"Kanyaga, compadre."

Arnobio akakanyaga. Yowe.

"Achia."

Kimya.

"Mmh," alisema Ubiel, akatikisa kichwa taratibu.

"Niambie tu, compadre. Mimi si mtoto mdogo."

"Giaboksi. Huu ni ugonjwa wa uzee. Meno yamelika huko ndani, na giaboksi ya gari hili huipati hata uende Bogotá kwa magoti. Nitafungua, nitasafisha, nitatia grisi. Utapata nafuu kidogo, lakini kupona, hapana."

"Mungu akuzidishie, compadre. Sijui bila wewe ningekuwa mgeni wa nani."

Ukutani pale madereva wenzake walikuwa wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika. Arnobio akishakwenda zake kunywa kahawa, Ubiel aliteremsha kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa beringi chakavu za klachi, za magari ya kila aina. Alizivisha kidoleni moja moja, akazizungusha, akatega sikio. Hii imekufa, itakatikia njiani. Hii ina sauti ya mbu. Hii hapa, hii inaimba! Ile iliyochoka mwaka ule aliitupa, akafunga inayoimba. Alikuwa fundi hodari, siwezi kumnyima sifa yake.

Utaniuliza, kwa nini hakuna aliyemwambia Arnobio? Nitakujibu bila kupaka rangi: alikuwa anatuudhi. Mtu hawezi kupanda gari lake asisimuliwe habari za Rosmira. Rosmira kasema hivi, Rosmira kapika vile, Rosmira ana nywele mpaka kiunoni na hajazikata tangu ubatizo. Wanaume waliokuwa wanalala na wake wanaowapa visogo walilazimika kusikiliza hayo mlima mzima. "Wakininyang'anya gari nitatembea kwa miguu," alikuwa akisema, mkono mmoja kwenye usukani. "Lakini Rosmira akiniacha, nichimbieni shimo." Aliwaambia hata watalii. Basi tukamwacha na furaha yake, na tukacheka nyuma yake, na kila mmoja wetu alijiona mwerevu.

Mwaka wa tisa Ubiel alikwenda Buga kuhiji kwa Bwana wa Miujiza, akakawia wiki mbili. Kumbe beringi aliyokuwa ameifunga mwaka uliopita ilikuwa imefika mwisho wake. Yowe liligeuka mkwaruzo, pedali ikawa inatetemeka mpaka gotini. Jumatano moja Arnobio alikuwa amepeleka mikungu ya ndizi Villa Clarisa, mji wa pili, na akiwa huko gari likakataa kabisa kuingia gia. Watu wakalisukuma mpaka mbele ya duka la spea la doña Edelmira Tangarife, mwanamke wa miaka sitini hivi, sigara mdomoni, kucha nyeusi kwa grisi.

"Baba, hilo gari unaliendesha au unalichinja?" aliuliza bila kuinuka.

"Ni giaboksi, doña. Uzee."

"Nani kakwambia?"

"Compadre wangu. Ni fundi."

Doña Edelmira aliitoa sigara mdomoni. "Washa. Weka nyutro. Ondoa mguu kwenye pedali. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Kanyaga." Mjane akapiga yowe, na kuku wa jirani wakatawanyika. "Achia. Kanyaga tena. Achia. Haya, nisikilize vizuri maana sirudii. Giaboksi ikichoka, mambo huwa kinyume: inalia mguu ukiwa nje, ukikanyaga inanyamaza. Hii yako inalia ukikanyaga tu. Hiyo ni beringi ya klachi, kitu cha kuingia kiganjani. Usipokanyaga, hailii ng'o. Umeendesha miaka mingapi wewe?"

"Thelathini na mmoja."

"Na hukujiuliza hata siku moja?"

"Mimi ni dereva, doña. Mambo ya chini ya gari namwachia compadre."

Aliliinua gari kwa jeki, akaingia chini yake mwenyewe, na saa nane mchana beringi ilikuwa mezani juu ya gazeti. Aliigeuzageuza. Akavaa miwani, akaigeuza tena, na uso wake ukabadilika.

"Hii si ya gari lako. Hii ni ya lori dogo. Tazama hapa, umeona mikwaruzo hii? Ni tupa. Mtu amekaa saa nzima akiichonga beringi mbovu ya lori ili ikae kwenye gari lako. Nzima ninazo, zile pale kwenye rafu, angekuja ningempa siku hiyohiyo. Una adui, baba?"

"Sina adui," alisema Arnobio. "Nina compadre tu."

Alipewa kahawa, ikapoa mkononi. Alikaa juu ya tairi bovu akaitazama ile mikwaruzo, midogo, imenyooka, safi, kazi ya mtu asiye na haraka. Na mambo yakaanza kumjia moja moja, hakuyaita. Kijia kilichokanyagwa migombani, wakati yeye hapiti huko wala Rosmira hapiti. Supu ya kila Ijumaa inayopikwa sufuria nzima na watu ni wawili tu, nayo jioni imebaki nusu. Jumanne na Ijumaa ndizo siku ambazo gereji inafungwa mapema, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimtetea Ubiel kwa watu: mwacheni, amechoka, ni binadamu. Arnobio hakuwa mjinga tuliyemdhania. Alikuwa hataki tu kujua, na sasa yule mama mwenye miwani alikuwa amemwekea mezani.

"Nikufungie mpya?" aliuliza doña Edelmira.

"Irudishe hiyohiyo. Itie grisi iweze kunifikisha. Mpya nifungie kwenye karatasi, nitaondoka nayo."

"Una wazimu?"

"Irudishe, mama. Nakuomba."

Aliirudisha huku anatukana watakatifu wote kwa majina.

Ubiel alirejea kutoka Buga Alhamisi. Ijumaa Arnobio alipanda La Sonora kama kawaida, akateremsha abiria wake wa mwisho kwa akina Marín, akabaki peke yake garini. Kabla ya Kona ya Msalaba alilegeza mafuta, akaichomoa gia bila kugusa pedali, akazima injini. Gari zito likaanza kuteremka lenyewe, yanasikika mawe tu chini ya matairi, naye ameshikilia usukani kwa mkono mmoja na breki ya mkono kwa mwingine, jasho linamwingia machoni. Hatua hamsini juu ya nyumba yake aliweka jiwe chini ya gurudumu. Akavua viatu.

Aliposimama chini ya dirisha la jikoni alisikia vijiko. Wanakula.

"Mlio ule umenichosha," ilikuwa sauti ya Rosmira. "Unaniingia kichwani hata nikilala. Mtengenezee mtu gari lake, Ubiel."

"Nikimtengenezea, ipo siku atanikuta na suruali mkononi."

Wakacheka wote wawili. Kisha Rosmira akasema, na cheko limemwisha, "Maskini wangu. Anakuamini kuliko padri."

Mkono wa Arnobio ulikuwa tayari umefika mlangoni. Mlango wenyewe wa kusukuma tu, hauna hata komeo. Angeingia! Nimeshawaza mara ngapi jambo hili, na kila mara namsukuma kwa mawazo: ingia, mwanamume, ingia! Lakini aliogopa. Aliona waziwazi kwamba akiingia, maneno yatasemwa, na maneno yakishasemwa Rosmira hatakaa tena, atakwenda kwa dada yake Cali. Asipoingia, bado ana mke. Akauondoa mkono mlangoni, akapanda kilima miguu mitupu.

Aliondoa jiwe, akawasha injini, akakanyaga pedali mpaka mwisho. Yowe. Safari hii halikutoka mbali, lilitoka hapohapo juu ya paa. Chini kule sufuria ikaanguka, mlango wa nyuma ukafunguka kwa kishindo, na don Ubiel Henao, fundi wa San Tarcisio, akatokea mbio na buti moja mguuni na nyingine kwapani, akaparamia mgomba, akaanguka, akainuka, akapotea. Na Arnobio akacheka. Alicheka mpaka akalala juu ya usukani. Alikuwa na miaka hamsini na minne na hajawahi kumcheka mtu, kwa hiyo hakujua utamu wake wala hakujua pa kuishia.

Aliingia ndani, akakuta supu ya moto.

"Leo umewahi," alisema Rosmira, akampangusia kiti.

"Mjane ana nafuu," alisema Arnobio, akala. Supu ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuumiza.

Mchezo ukaanza hivyo. Jumanne iliyofuata alikanyaga kutoka konani saa tisa badala ya saa kumi, akazima, akatazama. Kutoka Kona ya Msalaba unauona ua wa nyuma wote: migomba, banda la nguruwe, seng'enge. Ubiel alitoka mbio. Arnobio hakuteremka. Akangoja robo saa mpaka jamaa akaona ni salama, akarudi ndani ananyata, na hapo akakanyaga tena. Ubiel akatoka tena, na safari hii seng'enge ikabaki na kipande cha suruali. Mara tatu alasiri moja. Mara nne. Siku moja alimkimbiza mpaka bandani kwa nguruwe, akamlaza humo nusu saa kwa kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia.

Laiti angebaki na siri yake. Lakini raha ya namna ile haikai kwa mtu mmoja. Alimwambia dereva mwenzake, Libaniel. Libaniel akaomba aone kwa macho yake. Akaona, na kesho yake uwanjani alikuwa hawezi kusimulia kwa kicheko. Kufikia Juni, Jumanne na Ijumaa hupati nafasi kwenye gari la Arnobio. Watu wasiokuwa na shamba La Sonora, wasiokuwa na ndugu La Sonora, walipanda wakateremka bila shughuli yoyote. Wanawake walibeba mahindi ya kuchoma. Doña Fanny Loaiza, mke wa mwoka mikate, alikuja na mto wa kukalia. Mimi nilipanda mara nne, ukitaka kujua. Arnobio alisimamisha konani, akageuka kututazama, ameinua kidole, "Shhh," kisha akakanyaga, nasi tukaziba midomo kwa viganja tukimwona mtu mzima anaruka seng'enge. Arnobio alikuwa maarufu. Wale waliokuwa wakimcheka walimnunulia bia. Hakumsifu Rosmira tena, na hakuna aliyelitambua hilo, kwa maana tulikuwa tumepata habari tamu zaidi.

Unashangaa kwa nini Ubiel hakukoma kwenda. Na mimi nilishangaa, mpaka nilipomwona akichechemea kutoka kanisani, amekonda, sharubu hazijachanwa. Mtu hapandi kilima kile na goti bovu kwa mchezo. Alimpenda, basi. Hakuwa na hakika kama Arnobio anajua au ni Mjane tu amechanganyikiwa, na kutojua huko kulikuwa kunamla. Julai aliamua kumaliza.

"Compadre," alisema, mbele ya watu uwanjani, "nimepata beringi mpya. Huenda ikasaidia. Lete gari, nitakufungia bure."

Uwanja wote ukamgeukia Arnobio.

"Aa, compadre, usijisumbue," alijibu Arnobio kwa upole. "Si ulisema mwenyewe? Huu ni ugonjwa wa uzee. Beringi itafanya nini?"

"Labda nilikosea."

"Wewe? Ukosee? Miaka tisa?" Arnobio akamshika bega. "Hapana, compadre. Mimi nakuamini kuliko padri."

Ubiel alimtazama, na uso ukampauka. Maneno yale alikuwa ameyasikia jikoni kwa Rosmira. Ndipo alipojua. Aligeuka akaenda zake anachechemea, na watu wakapasuka kicheko nyuma yake, wengine wanaiga yowe la Mjane kwa midomo, eeeiii, eeeiii, mpaka alipofika gereji na kufunga mlango.

Ijumaa ya pili ya Agosti tulikuwa kumi na watano garini. Arnobio alisimamisha Kona ya Msalaba, akageuka, akainua kidole, akakanyaga. Yowe likaenda, likagonga mlima, likarudi. Mlango wa nyuma haukufunguka. Akakanyaga tena. Migomba ilisimama kimya. Tena.

"Amekufa au nini?" alinong'ona doña Fanny, mahindi mdomoni.

Kilichofunguka ni mlango wa mbele. Rosmira akatoka amevaa gauni lake la kanisani, ana begi mkononi, na nywele, zile nywele, zimekatwa mpaka shingoni. Alikuja juu kwa miguu, taratibu, katikati ya barabara, nasi tulimwona kila hatua na hakuna aliyekuwa na la kufanya. Ubiel alikuwa amempelekea barua usiku uliotangulia, akamweleza yote, na kukipambazuka amepanda lori la kahawa kwenda asikokujua mtu. Hilo tulilijua baadaye. Pale tulichoona ni mwanamke amesimama mbele ya gari akitutazama mmoja mmoja.

"Doña Fanny," alisema. "Nilikuuguza siku tatu ulipojifungua. Libaniel, mama yako nimemwosha mimi kabla hajazikwa. Mmekuja na mahindi, naona."

Doña Fanny aliliweka gunzi chini ya kiti.

"Rosmira," alisema Arnobio. "Twende ndani. Twende tukaongee ndani."

"Tangu lini umejua?"

"Rosmira, mbele za watu..."

"Watu umewaleta wewe. Tangu lini?"

"Aprili," alisema Arnobio. "Ijumaa ile ya Aprili. Nilikuwa dirishani."

"Dirishani." Alihamishia begi mkono wa pili. "Kwa hiyo ulinisikia nikisema maskini wangu."

"Nilikusikia."

"Ungeingia, Arnobio." Hapo ndipo sauti ilimkatika. "Ungeingia ukavunja vyungu vyote. Miaka tisa nilikuwa nangoja mtu aingie kwa mlango ule aniambie inatosha. Ningelia, ningekupigia magoti, ningekaa. Nakuapia kwa mama yangu aliye kaburini, ningekaa. Yule alikuwa mwizi, lakini alinificha. Wewe umenitandaza hapa miezi minne, watu wanitazame wakila."

Arnobio alikuwa ameshuka. Alitumbukiza mkono chini ya kiti akatoa kifurushi cha karatasi yenye mafuta, akakifungua. "Tazama, ninayo. Beringi mpya. Nilinunua siku hiyohiyo. Nitaifunga leo, sasa hivi, hutausikia tena mlio ule. Mke wangu, nitaifunga mwenyewe."

Rosmira aliitazama ile beringi iliyokuwa inang'aa kiganjani mwake, hakuigusa. Alizunguka gari. Kiti cha mbele, kiti chake cha miaka ishirini, kilikuwa wazi, maana hata sisi tulikuwa na haya ya kukikalia. Alikipita. Akapanda nyuma, akasukuma gunia kwa goti, akaketi ubaoni kati yangu na Libaniel, begi mapajani.

"Hili ni gari la abiria au si la abiria?" alisema. "Nipeleke kituo cha basi la Cali."

Na hakuna gari jingine barabara ile, Ijumaa alasiri. Arnobio alisimama pale na beringi yake mpaka Libaniel alipomwambia kwa sauti ndogo, "Twende, kaka. Basi linaondoka saa kumi na moja." Akapanda. Ili aondoke alilazimika kukanyaga klachi, na Mjane akapiga yowe. Kila kona alikanyaga, na kila kona yowe lilimtangulia, na watu wa mashambani, kwa vile walisikia, walishuka barabarani na magunia yao. Wakachungulia ndani, wakamwona Rosmira amekaa na abiria, nywele zimekatwa, na dereva analia wazi bila kujifuta. Hakuna aliyepanda. Arnobio aliendesha kwa gia ya kwanza njia nzima. Nilikuwa naona kisogo chake na nikawa namwombea gari liharibike. Halikuharibika.

Kituoni basi lilikuwa limeshawasha injini. Rosmira alishuka, akakung'uta gauni. Arnobio alimfuata mpaka mlangoni mwa basi na kofia mkononi.

"Utarudi?" alimuuliza.

"Hapana," alisema Rosmira, akapanda.

Basi liliondoka. Arnobio alibaki amesimama katikati ya moshi, na sisi kumi na watano tulikuwa bado tumekaa garini kama tulivyokuwa, maana hakuna aliyejua namna ya kushuka. Tukangoja. Jua likaanza kuzama. Mwishowe doña Fanny akakohoa.

"Don Arnobio," alisema, "samahani lakini. Giza linaingia, na sisi wengine tunakaa mbali."

Arnobio alivaa kofia yake, akapanda, akakanyaga klachi, akatupeleka nyumbani mmoja mmoja, kila mtu mpaka mlangoni kwake.